KIDOLE CHA MWISHO KIKIFA GANZI, TUTAZAME KIWIKO

Kila mmoja wetu amewahi kugonga kiwiko kwenye ukingo wa meza au kwenye mlango, akasikia kama umeme unapita mpaka kwenye kidole kidogo. Watoto wakiona hucheka, aliyegongwa hushika mkono wake na kuguna, na baada ya dakika moja jambo limekwisha. Kilichogongwa pale si mfupa kama wengi wanavyodhani. Ni mshipa wa fahamu. Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya mshipa huo, kwa sababu wapo watu katika vigango vyetu ambao kwao umeme ule haukomi baada ya dakika moja. Huwajia usiku, hurudi alfajiri, kisha siku moja hauji tena, na kidole kinabaki pale mkononi kama kitu kisicho chao.

Wengi wa watu hao wanafika hospitali wakiwa wamechelewa. Sisi wauguzi tumezoea kusema kwamba wagonjwa huchelewa kwa sababu ya umbali na fedha, na ni kweli. Lakini kwa ugonjwa huu twaona sababu nyingine, nayo ni maneno: maneno tunayotumia kuuita, na neno moja ambalo twaogopa kulitamka.

Tuanze na neno "mshipa". Katika Kiswahili chetu mshipa ni kila kitu. Unaopitisha damu ni mshipa, kano za mkono ni mshipa, unaopeleka fahamu ni mshipa, na hata ngiri wazee huiita mshipa. Basi mtu akisema, "Nina mshipa mkononi," shangazi yake anasikia jambo lake, mganga jambo lake, na muuza duka la dawa jambo lake. Shangazi anachemsha maji na kukanda. Mganga anachanja kwa wembe na kupaka dawa. Muuza duka anatoa sindano ya maumivu. Wote watatu wana nia njema, lakini hakuna aliyeuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: ni vidole gani vinavyokufa ganzi?

Mshipa wenyewe

Mshipa tunaouzungumzia watabibu huuita neva ya alna. Unatoka shingoni, unashuka kwa upande wa ndani wa mkono, na ukifika kwenye kiwiko unapita nyuma ya kile kifundo cha mfupa kilichochomoza upande wa karibu na mbavu. Hapo unapita katika kijifereji chembamba kilichofunikwa kwa utando mgumu. Ewe msomaji, kunja kiwiko chako kidogo sasa hivi, kisha papasa taratibu nyuma ya kifundo hicho. Utauhisi kama kamba laini inayoteleza chini ya kidole. Hauna nyama ya kuukinga pale. Umefunikwa na ngozi tu. Mkono ukinyooka, kijifereji kina nafasi. Mkono ukikunjwa, kijifereji kinabana, na mshipa wenyewe unavutika.

Kazi yake ni mbili. Huleta habari za kugusa kutoka kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Tena huamuru misuli midogo ya kiganja, ile inayotanua vidole na kuvibana pamoja. Kwa misuli hiyo mtu hufunga vifungo vya shati, huzungusha ufunguo, hushika mpini wa jembe usimponyoke. Ndiyo maana mshipa huu ukibanwa, dalili huanza na ganzi na kuchomachoma katika vidole hivyo viwili, hasa usiku na hasa mkono ukiwa umekunjwa. Baadaye mtu huanza kuangusha vitu. Mwisho, lile tuta la nyama lililo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada hubonyea likawa kama bonde, na vidole viwili vya mwisho hujikunja kama makucha.

Ganzi si zote zinatoka kwenye kiwiko, tusichanganye. Ikiwa vidole vinavyokufa ganzi ni gumba, cha shahada na cha kati, mara nyingi kinachobanwa ni mshipa mwingine, pale kifundo cha mkono. Ikiwa ganzi iko katika nyayo zote mbili, na mtu anakunywa maji mengi na kukojoa sana, apimwe kisukari. Na mkono ukilegea ghafla pamoja na mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito, hicho ni kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile, asingoje asubuhi.

Ni nini kinachoubana? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Wako wanaolala wamekunja mkono chini ya shavu usiku kucha. Wako wazee wanaojiegemeza kwa kiwiko juu ya mkeka wakisikiliza redio kuanzia taarifa ya habari mpaka kipindi cha mwisho. Wanafunzi huegemeza viwiko juu ya dawati. Dereva wa lori huweka kiwiko dirishani kutoka hapa mpaka Singida. Wenye kuchambua na kupanga madaraja ya tumbaku hukaa kwa saa nyingi wakikunja na kukunjua mikono, na wakichoka huegemeza viwiko juu ya magoti. Siku hizi imeongezeka simu ya mkononi: mtu hukunja mkono sikioni nusu saa nzima, halafu anashangaa kidole kinawaka moto. Hata mgonjwa aliyelala kitandani kwa majuma mengi, akijisukuma kwa viwiko kila anapotaka kuketi, anaweza kutoka wodini amepona homa iliyomleta lakini kidole kimekufa ganzi. Wanaouguza nyumbani wakumbuke kuweka nguo laini chini ya viwiko vya mgonjwa.

Kuna sababu nyingine ambayo kwa sisi watu wa Tabora ina historia yake. Mji wetu ulikua katika njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo kupitia hapa kwenda Ujiji, na miembe mingi tunayoiona mjini na vijijini wazee husema asili yake ni watu wa misafara hiyo. Hapa Mtendeni jina la mtaa linakumbusha mitende, lakini watoto hawapandi mitende, wanapanda miembe. Kila msimu wa maembe twapokea watoto walioanguka na kuvunjika karibu na kiwiko. Anayeletwa siku hiyohiyo, akapigwa picha na mfupa ukawekwa mahali pake, kwa kawaida hupona vizuri. Anayepelekwa kwanza kwa fundi wa viungo, akakandwa na kuvutwa na kufungwa mabanzi kwa nguvu, mara nyingine mfupa wake hauungi sawasawa. Mtoto hasikii shida. Anacheza, anakua, anaoa. Kiwiko tu kimepinda kidogo kuelekea nje. Lakini kwa sababu kimepinda, mshipa unavutika kila siku ya maisha yake, na baada ya miaka 10 au 20 au zaidi kidole cha mwisho kinaanza kufa ganzi. Mtu mzima huyo hawezi kufikiri kwamba shida yake ya leo ilianza juu ya mwembe. Atamfikiria jirani. Basi tukimwona mgonjwa wa namna hiyo, twamwomba avue shati, anyooshe mikono yote miwili, na tuilinganishe.

Kuupa nafasi

Dawa ya kwanza ya mshipa uliobanwa haiuzwi dukani. Ni kuacha kuubana. Mchana, usiegemee kiwiko. Kama kazi yako haikuruhusu, vaa soksi iliyokatwa ncha na kutiwa kipande cha sponji upande wa ndani wa kiwiko. Badilisha mkono unapozungumza na simu. Usiku, chukua taulo au khanga, ikunje iwe nene, izungushe kwenye kiwiko na kuifunga kwa kulegea, ili mkono usiweze kukunjwa sana ukiwa usingizini. Twasema kwa kulegea. Tumewaona waliofunga kwa mpira wa baiskeli mpaka mkono ukavimba, na hao wameuongezea mshipa mzigo. Mkono si lazima unyooke kama fimbo; ukiwa umekunjwa kidogo tu, mshipa unapumzika.

Fanya hivyo kila usiku kwa wiki 6 mpaka miezi 3. Najua, muda huo ni mrefu kwa mtu anayetaka sindano ya leo. Lakini wenye ganzi ya kuja na kuondoka, ambao nguvu za vidole bado zipo, wengi wao hupata nafuu kwa njia hii peke yake. Dawa za kutuliza maumivu zaweza kusaidia kwa siku chache, hazifungui kijifereji. Kukanda kwa nguvu juu ya mshipa wenyewe hakufai hata kidogo: mshipa umeumia kwa kubanwa, nasi twaubana tena kwa dole gumba! Na kuchanja kwa wembe, mbali na kwamba hakufiki kwenye mshipa, kunaleta vidonda na hatari ya kuambukizwa magonjwa ya damu.

Ikiwa ganzi haiondoki tena, mchana na usiku, au vidole vinaanza kukosa nguvu, miezi 3 ya taulo isingojwe. Aende kwa daktari. Upasuaji upo. Daktari bingwa wa mifupa hukata utando unaobana, au huuhamisha mshipa na kuuweka mbele ya kifundo ambako hauvutiki. Kwa wagonjwa wa kanda yetu rufaa inaweza kuandikwa kwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Hapa ndipo twataka wasomaji wafanye hesabu pamoja nasi. Mshipa wa fahamu ukiharibika na kuanza kuota upya, huota kiasi cha milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha mtu mzima ni sentimita 35 au 40. Kwa hiyo ni karibu mwaka mzima kabla ya fahamu kufika mwisho wa safari, hata kama upasuaji umefanyika leo na umekwenda vizuri. Na misuli midogo ya kiganja haisubiri milele. Ikikosa amri kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, hukauka, na mshipa ukifika hauna wa kumwamuru. Mtu anayetumia mwaka wa kwanza kwa mafuta ya kukanda, wa pili kwa chale, na wa tatu kuuza mbuzi kwa ajili ya nauli ya kwenda kwa mganga wa mbali, ameshamaliza muda wa mkono wake. Daktari ataweza kuzuia ubaya usiendelee, lakini kurudisha kilichopotea mara nyingi hawezi.

Neno ambalo twaogopa

Kuna sababu moja tuliyoiacha nyuma kwa makusudi. Duniani na hapa kwetu, kati ya magonjwa yanayoushambulia mshipa huu wa kiwiko, uko ukoma. Msomaji asifunge gazeti.

Vijidudu vya ukoma viligunduliwa na daktari Hansen wa Norway mwaka 1873. Hupenda sehemu za mwili zenye baridi kidogo: ngozi, pua, na mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Mshipa wa alna nyuma ya kiwiko uko juujuu kama tulivyosema, kwa hiyo ni miongoni mwa mishipa inayoshambuliwa mara nyingi kuliko mingine yote. Mshipa huvimba. Na kwa kuwa uko ndani ya kijifereji chembamba, ukivimba unajibana wenyewe. Ndiyo kusema mtu aliyeegemea dawati na mtu mwenye ukoma wanaweza kuja na malalamiko yaleyale: ganzi ya kidole cha mwisho, kuangusha vitu, maumivu ya kiwiko. Tofauti huonekana tukimtazama mwili mzima. Mwenye ukoma aghalabu ana baka moja au zaidi, lililofifia au lenye wekundu, lisilowasha na lisilohisi mguso. Ngozi ya mkono inaweza kuwa kavu isiyotoa jasho. Mshipa nyuma ya kiwiko ukipapaswa ni mnene kuliko wa upande wa pili, kama kamba. Wengine ncha za masikio zimekuwa nene au nyusi zimepukutika. Na wengine, hili ni baya zaidi, hawana maumivu yoyote. Mshipa unakufa kimya.

Watu hutuambia, "Sista, ukoma si ulikwisha?" Haukwisha. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000 kwa hesabu ya taifa zima. Wataalamu wana jina lao kwa kiwango hicho, lakini masikio ya watu yalisikia tu kwamba umekwisha. Tangu hapo nchi yetu imeendelea kuandikisha wagonjwa wapya kila mwaka, na baadhi yao ni watoto. Ulimwenguni kote mwaka 2023 waliandikishwa watu karibu 183,000. Hatari ya kusema umekwisha ni kwamba hata muuguzi kijana, aliyesoma vizuri, anaweza kukaa miaka bila kumwona mgonjwa wa ukoma, na siku atakapomwona asimtambue.

Lakini woga wa mgonjwa ni mkubwa kuliko kutojua kwa muuguzi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mama mwenye baka mgongoni hulifunika kwa khanga. Kijana ambaye kidole kimeanza kujikunja hutia mkono mfukoni, hata kanisani wakati wa kupeana amani. Kwa nini wafiche ugonjwa ambao dawa yake ni ya bure? Kwa sababu wamesikia tangu utotoni jinsi neno hilo linavyotumika. Nasi, kwa heshima yote tunayowapa mapadre wetu, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo, twaomba tuseme wazi: baadhi ya maneno hayo wameyasikia kanisani. Twasikia mahubiri juu ya ukoma wa dhambi, ukoma wa rushwa, ukoma wa uasherati. Mhubiri anataka kutuonyesha ubaya wa dhambi, na waumini wanaitikia kwa vichwa. Benchi la nyuma ameketi mtu mwenye baka chini ya shati. Amesikia nini yeye? Amesikia kwamba hali yake ni mfano wa kila kilicho kichafu. Je, mtu huyo kesho ataenda zahanati kuomba apimwe?

Tena Biblia yenyewe haituruhusu kusema hivyo kirahisi. Neno ambalo katika Kitabu cha Walawi, sura ya 13 na 14, limetafsiriwa ukoma lilihusu mambo mengi: vipele na mabaka ya aina mbalimbali, na hata madoa katika nguo na kuta za nyumba. Nguo haiwezi kupata vijidudu vya Hansen. Kwa hiyo ugonjwa tunaoutibu leo kwa vidonge si lazima uwe ule ambao kuhani wa Walawi aliambiwa amtenge mwenye nao. Na tukifika katika Injili ya Marko, sura ya 1, twamwona Bwana wetu akinyoosha mkono na kumgusa mgonjwa, jambo ambalo wakati ule halikutegemewa. Kama tunatafuta mfano wa kuhubiri, upo hapo katika kule kugusa.

Twapendekeza pia neno "mkoma" liachwe. Hatumwiti mtu malaria wala kifua kikuu. Ni mtu mwenye ukoma, na akimaliza dawa ni mtu aliyepona ukoma, hata kama vidole vimebaki vimejikunja. Wengi hawajui hilo. Huona vidole na kusema bado anao, na watoto wanakatazwa kula naye. Vidole vile ni kovu la mshipa uliokufa. Haviambukizi.

Makatekista wetu twawataja si kwa kuwalaumu. Nchi yetu ya magharibi inamkumbuka katekista Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa uganga Malta, kisha akatibu watu kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa zaidi ya miaka 60 mpaka alipofariki mwaka 1956. Katekista wa leo hahitaji kusomea uganga. Yeye huingia nyumba ambazo sisi hatuingii, huwashika watu mikono kila siku, na macho yake yanaweza kuona bonde kati ya gumba na kidole cha shahada kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kupima ni rahisi, na kunaweza kufanywa na mtu yeyote nyumbani au katika jumuiya. Mtu afumbe macho, akunjue kiganja. Mguse taratibu kwa ncha ya kalamu ya wino kwenye kidole cha mwisho, chini yake upande wa ukingo wa kiganja, na mahali pengine penye afya, naye aonyeshe kwa mkono mwingine alipoguswa. Usibonyeze, gusa tu. Kisha atanue kidole cha mwisho upande, wewe ukisukume kwa kidole chako cha shahada, ulinganishe nguvu za mkono wa kulia na wa kushoto. Mwisho abane karatasi katikati ya kidole cha pete na cha mwisho, nawe uivute. Ikitoka bila upinzani upande mmoja, au kama hakuhisi kalamu, mwandikie kikaratasi aende nacho zahanati. Kikaratasi kiseme tu: ganzi ya kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, tangu mwezi fulani. Usiandike neno lingine, maana kazi ya kutambua ugonjwa ni yetu, na kikaratasi husomwa na wengi njiani.

Akikutwa na ukoma, habari ni njema kuliko anavyotazamia. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeshauri dawa zaidi ya moja kwa pamoja, na dawa hizo, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini, hutolewa bila malipo. Matibabu ni miezi 6 au 12 kwa kadiri ya wingi wa mabaka na vijidudu. Mgonjwa hulala nyumbani kwake. Haambukizi tena muda mfupi baada ya kuanza dawa, naye hahitaji sahani yake wala kikombe chake. Twamwonya mapema kwamba mkojo utakuwa mwekundu siku ya rifampisini na kwamba klofazimini huifanya ngozi iwe nyeusi zaidi kwa muda. Asiyeambiwa haya huogopa na kutupa vidonge.

Vidonge huua vijidudu, lakini havimalizi shida ya mshipa. Mwili wenyewe unaweza kuamka na kupigana na mabaki ya vijidudu, na vita hiyo hupiganwa ndani ya mshipa. Inaweza kutokea kabla ya matibabu, katikati, au hata miaka kadhaa baada ya kumaliza. Kiwiko huuma, mabaka huvimba, au nguvu za vidole hupungua bila maumivu. Hapo anahitaji prednisoloni, ambayo huteremsha uvimbe katika mshipa. Hutolewa kwa wiki 20 hivi, ikipunguzwa hatua kwa hatua, na hufaa zaidi ikiwa ganzi au udhaifu haujapita miezi 6. Tazama jinsi hesabu ile ya muda inavyorudi. Lakini isinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Inapandisha sukari na shinikizo la damu, inaamsha kifua kikuu kilicholala, na kuikatiza ghafla ni hatari.

Turudi kwa Mtakatifu Damiano wa Molokai, aliyetangazwa mtakatifu na Papa Benedikto XVI tarehe 11 Oktoba 2009. Inasimuliwa kwamba alitambua ugonjwa wake mwaka 1884 alipotia mguu katika maji ya moto sana, ngozi ikababuka, naye hakusikia maumivu. Jikoni kwetu twaona jambo hilohilo: mama mwenye ganzi anaepua sufuria kwa mkono mtupu, halafu jioni anaona lengelenge na hajui limetoka wapi. Vidole havidondoki kwa sababu ya vijidudu kuvila. Huharibiwa na moto, mpini wa jembe na vidonda visivyotunzwa. Basi mwenye ganzi, iwe ya ukoma au ya kiwiko kilichovunjika zamani, ashike sufuria kwa kitambaa kinene, avilishe mpini wa jembe na upawa kwa mpira au nguo, aloweke mikono katika maji baridi kila jioni kama nusu saa, apake mafuta ikiwa bado mbichi, na kuitazama yote pande mbili karibu na taa. Vidole vinavyoanza kujikunja avinyooshe kwa mkono mwingine mara nyingi kwa siku, visije vikakakamaa.

Ukoma haurithiwi, wala hauletwi na laana. Huenea kwa hewa ya pua na mdomo kwa wanaokaa pamoja muda mrefu, na watu wengi sana wana kinga ya asili. Lakini dalili huchukua miaka kujitokeza, wastani wa mitano na mara nyingine 20, kwa hiyo wenzake wa nyumbani nao hutazamwa. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limeshauri wasio na dalili wanaoishi na mgonjwa wapewe dozi moja ya rifampisini ya kuzuia, baada ya kupimwa kwanza. Waulizeni wahudumu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya yenu. Siku ya kliniki mgonjwa asije peke yake. Aje na wote anaolala nao nyumba moja, na watoto wavalishwe mashati yanayovulika upesi, ili tuwatazame migongo wakati mwanga wa mchana ungalipo.